Kilebu Mikononi mwa Watoto na Wageni

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Nyanda za Juu Kusini. Mwalimu wa darasa ahakikishe kila mwanafunzi ana karatasi yake mbele yake. Somo lisomwe polepole, kisha lisomwe tena.

Wewe uliyeketi Kilolo au Mufindi, kamwene. Na wewe uliyeketi Tukuyu, ugonile. Leo hatusomi habari za mahindi wala za mbolea. Tunasoma habari za mnyama aliye mlangoni mwa nyumba nyingi za mikoa yetu ya Mbeya na Iringa, naye ni mbwa. Wala si mbwa mkubwa anayebweka usiku, bali mbwa mdogo kabisa, yule anayeweza kukaa katika kiganja cha mkono wako.

Kwanza tujifunze neno. Mwalimu, liandike ubaoni: ki-le-bu. Kilebu ni mtoto wa mbwa. Huku kwetu wengi husema kijibwa, na wengine husema tu mtoto wa mbwa. Hakuna aliyekosea. Lakini neno kilebu ni fupi na litatufaa leo. Mmoja ni kilebu, wengi ni vilebu.

Labda mzee mmoja hapo darasani anacheka moyoni na kusema, "Je, hata mbwa naye ana somo?" Swali hilo ni la haki. Nami nauliza: ni nani anayefukuza nyani na nguruwe mwitu katika shamba lako la mahindi? Ni nani anayekuamsha mwizi akija zizini? Mbwa huyo alikuwa kilebu zamani. Kilebu akivunjika mguu leo, mwakani hatafukuza nguruwe mwitu. Na kilebu aliyezoea kuumizwa na mikono ya watu, akikua ataiuma mikono hiyo, na mara nyingi mkono atakaouma ni wa mtoto. Kwa hiyo tukimlinda kilebu tunamlinda na mtoto.

Mimi mwenyewe nilijifunza jambo hili kwa kosa langu. Nilikwenda kutembelea rafiki yangu katika kijiji kimoja cha milimani, juu ya Tukuyu. Mbwa wake alikuwa na vilebu wanne, wenye umri wa majuma matano hivi. Nilikuwa nimesimama barazani, kikombe cha chai mkono wa kulia. Mwana wa rafiki yangu, kijana wa miaka sita, akaniletea kilebu mmoja, yule aliyempenda kuliko wote, akasema, "Shikamoo mwalimu, mshike wangu." Sikutaka kumvunja moyo, wala sikutaka kumwaga chai. Nikampokea kilebu kwa mkono mmoja wa kushoto. Kilebu akajinyonganyonga mara moja tu, akaponyoka, akaanguka juu ya saruji. Mguu wake wa nyuma ukavunjika. Kijana hakulia. Alinitazama, akauliza, "Mwalimu, atasimama lini?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Angalieni, ndugu zangu. Sikuwa mtu mkatili, na mtoto yule hakuwa mtundu. Nyumba ile ilikuwa ya watu wema. Vilebu wengi huumia hivyo hivyo, katika mikono ya watu wanaowapenda.

Sasa tuone kilebu ni mnyama wa namna gani. Anapozaliwa haoni, wala hasikii. Macho hufunguka baada ya siku 10 hadi 14 hivi. Masikio hufunguka katika juma la tatu. Meno ya kwanza huanza kutoka yapata majuma matatu. Katika siku zake za mwanzo hawezi hata kukojoa peke yake. Mama yake humlamba tumboni, ndipo mkojo utoke. Mifupa yake ni laini kama kijiti kibichi. Kimo cha mkono wa mtu mzima aliyesimama ni kidogo kwetu sisi, lakini kwake ni kama wewe kuanguka kutoka juu ya paa.

Tena kuna baridi. Ninyi mnaokaa Mufindi, na ninyi wa safu za Uporoto, hamhitaji mtu wa redio kuwaeleza baridi ya Juni na Julai. Asubuhi nyasi ni nyeupe kwa umande, na katika uwanda wa Kitulo hata umande wenyewe huganda. Wewe ukisikia baridi unatetemeka, na kule kutetemeka kunakupa joto. Kilebu wa siku chache hajui kutetemeka. Mwili wake bado haujajifunza kazi hiyo. Joto lake lote hulipata kwa mama yake na kwa ndugu zake wanaolala wamebanana. Basi mtoto akimchukua kilebu mmoja kutoka katika kundi, akaenda kumwonyesha jirani, akakaa naye nje nusu saa katika upepo wa Juni, kilebu anapoa. Akipoa hawezi kunyonya vizuri. Asiponyonya hana nguvu, na asubuhi mama mwenye nyumba anamkuta amekufa. Watu husema amerogwa, au mama yake amemlalia. Mara nyingine ni kweli amelaliwa. Lakini mara nyingine ni ile nusu saa ya jana.

Kwa hiyo, majuma mawili ya kwanza vilebu wasiguswe na watoto hata kidogo, wala na wageni. Mwenye mbwa peke yake, yule anayempa mama yao chakula, ndiye awatazame, abadilishe majani au magunia wanayolalia, na aangalie kama wote wananyonya. Wawekwe mahali pakavu pasipo na upepo: pembeni mwa jiko, au nyuma ya ghala, au katika sanduku la mbao lenye majani makavu. Pembeni mwa jiko si karibu na moto. Wala usiweke jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ili kuwapasha moto vilebu; hewa ya mkaa itawaua wao, na wewe, na watoto wako.

Mama yao naye mumfikirie. Mbwa jike ambaye siku zote ni mpole, akizaa hubadilika. Mtoto anayemjua, aliyempa ugali kwa mkono wake tangu mwaka jana, akiinama kumchukua kilebu anaweza kuumwa usoni. Watu humpiga mbwa yule na kusema amekuwa mkali bure. Hasha! Amefanya kazi ya mama. Anayestahili kuonywa ni mtu mzima aliyemwacha mtoto aende pale peke yake.

Baada ya majuma matatu mambo hubadilika, na hapa nataka mnisikilize vizuri, maana wengine watadhani nasema kilebu afichwe mpaka akue. La. Tangu juma la tatu hadi juma la 12 hivi, kilebu anajifunza dunia. Anayoyaona wakati huo bila kuumizwa, hatayaogopa maisha yake yote. Akiwaona watoto, wazee wenye mikongojo, akina mama wenye mizigo kichwani, wapanda baiskeli na pikipiki, na wakati huo wote akitendewa kwa upole, atakuwa mbwa mwenye akili. Akifichwa, atakuwa mwoga, na mbwa mwoga huuma. Basi katika majuma hayo ni lazima aguswe na watu. Lakini aguswe namna gani?

Neno la kwanza ni hili: kaa chini. Mwalimu, liandike ubaoni kwa herufi kubwa. KAA CHINI. Mtoto yeyote anayetaka kumshika kilebu akae chini kwanza, juu ya mkeka au juu ya majani, miguu ameinyosha. Hapo mtu mzima amlete kilebu na kumweka mapajani mwa mtoto. Kilebu akijinyonganyonga atateleza shubiri moja tu. Wala mtoto asisimame naye, wala asitembee naye. Akitaka kusimama, amrudishe kwanza mkononi mwa mtu mzima.

Mtu mzima naye amnyanyue hivi. Weka mkono mmoja chini ya kifua, nyuma ya miguu ya mbele. Weka mkono wa pili chini ya matako. Mnyanyue kwa mikono yote miwili, umsogeze kifuani pako. Mikono miwili, ndugu yangu! Kikombe cha chai kiweke chini. Usimnyanyue kwa miguu ya mbele kama tunavyomnyanyua mtoto wa mtu, maana mabega yake hayakuumbwa hivyo. Usimnyanyue kwa mkia wala kwa masikio. Wengine watasema, "Mbona mama yake humbeba kwa ngozi ya shingo?" Ni kweli, humbeba hivyo akiwa mchanga sana, na mama anajua kadiri ya kubana. Wewe hujui, na mwanao ndiye hajui kabisa.

Watoto hawafanani, na si sheria ya miaka tu. Lakini kwa kawaida mtoto aliye chini ya miaka mitano asimshike kilebu. Amguse tu, kwa mkono mmoja uliofunguliwa, mgongoni, huku mama au dada mkubwa amemshika kilebu. Mfundishe kupapasa kufuata manyoya, si kufinya. Watoto wadogo hufinya, si kwa ubaya, ila vidole vyao havijajua kupima nguvu. Mtoto wa miaka saba au minane aliyefundishwa anaweza kumpakata akiwa amekaa. Na kwa umri wowote, mtoto na kilebu wasiachwe peke yao. Ukiitwa shambani, mrudishe kilebu kwa mama yake ndipo uende. Usimwambie mtoto wa miaka sita, "Mwangalie huyu nakuja." Huko ni kumpa kazi ya mtu mzima.

Yako mambo mengine ambayo watoto hufanya na ambayo tumezoea kuyacheka. Humfunga kilebu kamba shingoni na kumkokota kama gari. Humtia katika ndoo. Humwogesha kwa maji ya kisimani mwezi wa Julai ili awe safi, na jioni kilebu amekakamaa kwa baridi. Humshindanisha na kilebu wa jirani wapigane. Humwonyesha nyama na kuificha, mara tano, mara kumi, mpaka kilebu aruke kuuma vidole. Na siku hiyo anapigwa yeye. Mchezo huo wa nyama ndio mbaya kuliko yote, kwa maoni yangu, maana unamfundisha kilebu kwamba mkono wa mtoto ni kitu cha kurukia.

Kilebu hawezi kusema, lakini ana ishara, na ishara zake hata mtoto anaweza kuzisoma kama mnavyosoma herufi hizi. Akigeuza kichwa upande, amechoka. Akijilamba midomo na wala hajala, ana wasiwasi. Akipiga miayo, pengine si usingizi, ni hofu. Watoto hucheka sana hapo. Akiuingiza mkia kati ya miguu, akilia kwa sauti nyembamba, akionyesha weupe wa macho, basi mwacheni. Aliyelala asiamshwe. Anayekula asiguswe. Wekeni mahali pake, sanduku au pembe, ambapo kilebu akikimbilia hakuna mtoto atakayemfuata.

Sasa tuje kwa wageni. Hapa ndipo pagumu, kwa sababu ya heshima. Mtoto wako unaweza kumkataza. Lakini utamkatazaje baba mkubwa aliyekuja kutoka Makambako, ambaye ameinama tayari na kumshika kilebu kwa mguu mmoja ili aone kama ni dume au jike? Mgeni ni mgeni, na mkubwa ni mkubwa. Nimeona watu wanyamaze na kutazama kilebu anavyolia, kwa kuogopa kuonekana hawana adabu.

Shauri langu ni kutangulia. Usingoje mgeni amshike ndipo useme. Anapokaribishwa na kupewa kiti, wewe umlete kilebu mwenyewe, mikono miwili, uchuchumae mbele yake, useme, "Baba mkubwa, huyu bado mchanga, mifupa haijakaza. Karibu umtazame hapa mikononi mwangu. Ni dume." Umempa heshima yake, tena umemjibu alilotaka kujua. Akitaka kumpakata, yeye amekwisha kukaa, nawe umweke mapajani. Sijaona mzee aliyekasirika kwa kutendewa hivyo.

Wageni wengine hawataki kuguswa na mbwa. Wapo wanaoogopa kwa sababu waliumwa utotoni, na mtu mwenye hofu hupiga teke kabla ya kufikiri. Teke lile lingemshtua tu mbwa mkubwa, lakini kilebu linaweza kumuua. Wapo pia majirani zetu Waislamu ambao wengi wao hawapendi mate ya mbwa yaguse nguo zao za kusalia. Yatupasa kuwaheshimu. Ukijua mgeni wa namna hiyo anakuja, mfungie kilebu mapema mahali pake. Mgeni atakuwa na amani, na kilebu kadhalika.

Tena kuna siku za watu wengi: harusi, ngoma, na zaidi ya zote, msiba. Siku hizo nyua zetu hujaa miguu. Kilebu hupenda kulala chini ya kigoda au nyuma ya kisigino cha mtu. Mtu akirudisha kigoda nyuma, amemponda. Mwenye pikipiki akirudi nyuma gizani, hamwoni. Wala usitegemee kwamba watu 50 watamwangalia kila mmoja, maana ndipo hakuna hata mmoja anayemwangalia. Siku hizo vilebu wote na mama yao wafungiwe mahali palipo kimya, na awepo mtu mmoja mwenye jina, tuseme shangazi fulani au kijana fulani, ambaye kazi yake ni kuwapa maji na kufunga mlango.

Mgeni anaweza pia kuleta ugonjwa bila kujua. Kuna ugonjwa wa vilebu wa kutapika na kuhara damu, uitwao pavo, ambao huua upesi. Vijidudu vyake hukaa udongoni miezi mingi, na husafiri kwa viatu na kwa mikono. Mgeni aliyeacha mbwa mgonjwa kwake avue viatu nje na anawe mikono kwa sabuni kabla hajamgusa kilebu wako. Mbwa anayefuatana na mgeni afungwe mbali.

Halafu kuna mgeni anayesema, "Nipe mmoja, niondoke naye." Ni desturi njema, na mbwa wengi wa vijiji vyetu wamefika hivyo. Lakini usimtoe kilebu kabla ya majuma manane. Akiondolewa mapema hana nguvu ya chakula kigumu, tena hajafundishwa na mama yake na ndugu zake kuuma polepole wakati wa mchezo. Huyo atakuwa mwuma-watu. Na akitoka, asitiwe katika gunia lililofungwa mdomo na kurushwa juu ya basi. Atakosa hewa. Kikapu chenye kitambaa, mapajani mwa msafiri, chatosha.

Katika miji yetu, Mbeya na Iringa, mtu anaweza kukutana na mbwa wa aina ndogo ambao hawakui. Unamwona unadhani ni kilebu, kumbe ni mzee wa miaka minane. Aina moja huitwa Chihuahua, na asili yake ni nchi ya Mexico. Aliyekua huwa na uzito usiotimia kilo tatu. Kuku mkubwa humshinda. Wengine wa aina hiyo hubaki na utosi laini maisha yao yote, kama wa mtoto mchanga. Basi kwa mbwa huyo, tahadhari hizi hazina mwisho wa majuma. Hata kuruka kutoka juu ya kochi kunaweza kumvunja mguu. Wewe unayefanya kazi katika nyumba yenye mbwa kama huyo, usione haya kumwambia mtoto wa mwenye nyumba: kaa chini kwanza.

Nimebakiza jambo zito kuliko yote. Naomba mwalimu anyamazishe darasa.

Meno ya kilebu ni madogo na makali kama sindano. Akimkwaruza mtoto, tone moja la damu hutoka, mtoto analia kidogo, anakwenda kucheza. Hakuna anayejali, kwa kuwa ni kilebu tu. Ndugu zangu, kichaa cha mbwa hakiangalii ukubwa wa mbwa. Kilebu aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa anaweza kuwa nacho, na mate yake yanaweza kukiingiza katika mchubuko mdogo. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika kila watu 100 wanaoumwa na wanyama wanaodhaniwa kuwa na kichaa, karibu 40 ni watoto wasiotimiza miaka 15. Ugonjwa huu unaweza kungoja mwilini majuma au miezi. Dalili zikianza, dawa karibu hakuna, mtu hufa. Lakini kabla dalili hazijaanza, upo ulinzi wa hakika. Tarehe 6 Julai 1885, huko Ufaransa, mtaalamu Louis Pasteur alianza kumchanja mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Mtoto yule alipona akaishi. Chanjo za leo ni bora kuliko ile.

Kwa hiyo mtoto akiumwa au akikwaruzwa, hata na kilebu, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15. Dakika 15 ni nyingi. Ndoo moja haitoshi, mwite mtu amimine. Usitie pilipili, wala majivu, wala dawa ya majani, wala usifunge jeraha kwa kitambaa kilichokazwa. Kisha mpeleke mtoto kwenye kituo cha afya siku ile ile. Akianzishiwa chanjo, mpeleke siku zote atakazopangiwa, hata kama kidonda kimekauka. Kilebu asiuawe kwa hasira. Afungwe mahali salama, apewe chakula bila kuguswa, na bwana mifugo aitwe. Atamwangalia siku 10. Akiwa mzima baada ya siku hizo, hakuwa na kichaa katika mate siku ile alipouma. Akifa, asitupwe wala kuzikwa kabla bwana mifugo hajamwona, maana kichwa chake kinaweza kupimwa na wataalamu wa maabara.

Chanjo ya mbwa mwenyewe hupewa kilebu wa miezi mitatu, na wakati wa kuchanja mbwa wote kijijini hata walio wadogo zaidi hupelekwa. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na mara nyingi wakati huo chanjo hutangazwa. Sikilizeni matangazo ya serikali ya kijiji. Katika mstari, kilebu akae mikononi mwa mtu mzima, si kwa mtoto aliyemfunga kamba katikati ya mbwa 30 wanaogombana.

Na minyoo pia. Vilebu wengi huzaliwa nayo, au huipata kwa maziwa ya mama. Mayai ya minyoo hiyo hutoka na mavi, nayo mtoto akiyameza kwa mikono michafu yanaweza kumdhuru, hata macho. Lakini mayai yakitoka leo hayawezi kudhuru leo. Yanahitaji majuma kadhaa udongoni. Basi kuzoa mavi kila siku na kuyafukia mbali na pa kuchezea ni dawa kubwa isiyo na gharama. Vilebu wapewe dawa ya minyoo tangu majuma mawili, na tena kila baada ya majuma mawili mpaka waache kunyonya. Bwana mifugo atakupimia. Na mtoto akimaliza kumpakata kilebu, anawe mikono kwa sabuni kabla hajashika ugali.

Baada ya redio kuzimwa, kila mmoja aliye na mbwa nyumbani aandike mistari mitatu: vilebu wake wanalala wapi, nani huwashika, na siku ya wageni huwekwa wapi. Asiye na mbwa aandike habari za jirani yake, bila kumtaja jina.

Kuhusu kilebu yule wa Tukuyu, bwana mifugo alimfunga mguu kwa vijiti, naye akapona, ingawa huchechemea mpaka leo. Mwaka uliofuata nilirudi pale, na mbwa yule alikuwa amezaa tena. Nikanyosha mikono, yote miwili, nikiwa nimesimama. Kijana akarudi nyuma hatua moja na kilebu wake kifuani, akaniambia kwa adabu, "Kaa chini kwanza, mwalimu." Nikakaa.